Mama Mwenye Mwavuli Bado Yuko Njiani

Niseme mapema tusije tukalaumiana: mimi si mtu wa subira. Wanaosema subira huvuta heri hawajawahi kutafuta pakiti ya kudarizi katika mkoa wa Mara. Mimi nimeitafuta. Nimeitafuta wakati maduka hayana kitu, nikaitafuta tena wakati maduka yamejaa mpaka barazani, na nakwambia, afadhali ule ukame wa kwanza. Duka tupu halikudharau.

Pakiti yenyewe mama aliinunua Musoma mjini, nikiwa bado shule ya msingi, kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa na duka la vitambaa karibu na soko. Ndani mlikuwa na ukanda mrefu wa kitambaa cheupe chenye vijitundu, sindano butu, mafungu ya nyuzi za rangi, na karatasi iliyochorwa miraba midogo midogo. Kila mraba una alama, na kila alama ni rangi yake. Unahesabu mraba kwenye karatasi, unahesabu tundu kwenye kitambaa, unapiga msalaba mmoja wa uzi. Ukikosea tundu moja tu, ua linaota begani kwa mtu. Maandishi yalikuwa ya lugha ya Ulaya ambayo hata mwalimu mkuu wetu alipoletewa aliikunjia uso, akasema si Kiingereza hiki, akarudisha.

Juu ya pakiti palikuwa na picha ya mama wa Kizungu mwenye gauni pana kama tenga la kuku. Kofia imemfunika uso wote. Mkononi ana mwavuli, miguuni ana njia yenye maua huku na huku. Mama yangu alimpenda hapo hapo dukani.

"Huyu anakwenda mahali," alisema. "Angalia anavyotembea."

Sasa lazima nieleze ya kwetu. Sisi ni watu wa rasini, vijiji vile vilivyoingia ziwani, wavuvi na walima mihogo. Nyumbani kwetu binti akiolewa, mama yake ndiye anayemtandikia kitanda cha kwanza, tena kwa shuka lililoshonewa ukanda wa darizi ya mkono wake mwenyewe. Upande wa darizi unaning'inia kuelekea mlangoni, anayeingia auone. Mama akishatandika, anapewa chakula, anakula, anaaga. Jua liwe bado juu. Mama wa binti halali nyumbani kwa mkwewe, hata inyeshe mvua ya kubomoa nyumba. Na shuka ambalo halijaisha halitandikwi, maana unamtakia mwanao maisha ya nusu.

Dada zangu wawili walitandikiwa ya kwao, mmoja maua, mwingine njiwa. Mimi kitindamimba nikawekewa mama mwenye mwavuli.

Mama alianza kushona kila alasiri akishamaliza kuanua dagaa, mimi nimekaa pembeni nikishika mafungu ya nyuzi. Alikuwa na tabia moja mbaya sana. Hakuwa anaangalia mbele ya kitambaa. Alikuwa anakigeuza, anapitisha vidole nyuma, taratibu, macho yake yakiangalia pengine kabisa. Akigusa fundo moja au uzi uliovuka pasipo ruhusa, alisema neno moja tu: "Fumua." Akajifumulia mwenyewe. Aliponiachia nijaribu vijani viwili, akapitisha vidole, akasema fumua. Nikafumua nikilia. Kwa fumua-fumua hiyo nyuzi za bluu zilikatika kabla ya mbingu kuisha, ndipo mjomba akampa uzi wa bluu wa kushonea nyavu. Ndiyo maana upande mmoja wa mbingu ile unang'aa.

Mama wa mwavuli akatimia. Gauni, kofia, mwavuli, maua. Njia ikaanza kwenda, ikafika katikati ya ukanda, na hapo karatasi ikaisha. Nusu ya ukanda ilibaki nyeupe pee. Njia ile inaingia kwenye weupe, basi.

"Karatasi ya pili iko wapi?" mama aliuliza.

Nyumba nzima ikapekuliwa. Vitanda vikainuliwa. Baba akasimama mlangoni na kikopo chake cha ugoro, na mama akamtazama, akatazama kikopo, akatazama kile kikaratasi alichofungia ugoro juzi alipokwenda mnadani. Karatasi wakati huo ilikuwa imeshaanza kuwa mali. Kila kilichokuwa kikaratasi kilifungiwa kitu.

"Kilikuwa na miraba," mama alisema.

"Daftari la hesabu la mtoto," baba alisema.

"Kilikuwa na miraba!"

Hapo ndipo ilipoanza kesi ambayo ilidumu katika nyumba yetu kuliko ng'ombe yeyote. Baba akiomba chumvi, anaambiwa akaifungue kwenye karatasi ya mama wa mwavuli. Akichelewa kurudi kutoka ziwani, anaulizwa kama amekwenda kumtafutia njia. Maskini mzee wa watu.

Mimi nikapewa kazi ya kutafuta. Nilikuwa nimeanza sekondari mjini, na kila Jumamosi nilipita kwa yule mzee wa Kihindi. Rafu zake zilikuwa zimekwisha kukauka. Palikuwa na kanzu moja ya kuonyeshea, vifungo, na vumbi. Sabuni ilikuwa kwa foleni, sukari kwa foleni, khanga ikija inagawiwa duka la ushirika, na wewe unakuja kuulizia uzi wa maua? Watu walinicheka. Mwanamke mmoja foleni ya sabuni aliniambia, "Binti, sisi tunaoga kwa majani ya mpapai, wewe unatafuta mwavuli?" Nilimjibu vibaya, nikapoteza nafasi yangu kwenye foleni. Nilirudi bila sabuni na bila uzi.

Halafu nikasikia habari za mtu wa magendo. Kwamba kuna jamaa analetaga vitu kutoka Kenya, vitenge, dawa ya meno, nyuzi za kila rangi, na pakiti za darizi zenye picha ya mzungu. Nilimzungukia wiki nzima maana watu wa namna ile hawaonekani ovyo. Nilipompata, nilimkuta ameketi nyuma ya nyumba yake ameshika tama.

"Umechelewa," aliniambia. "Ule msako wa walanguzi ulipopita, vyote vilienda chooni."

"Chooni kufanyaje?"

"Chooni, dada. Shimoni. Ulitaka wanikute navyo?"

Nilisimama pale nikitazama kile choo cha matete. Yaani nyuzi zangu, njia yangu, ziko mle ndani, chini ya... Mungu wangu. Naapa kwamba kwa dakika moja niliwaza ngazi. Alinisoma, akacheka, akasema, "Usithubutu." Sikuthubutu. Lakini mpaka leo nikipita mtaa ule natazama upande ule.

Mama hakukata tamaa, ila macho yake yalianza kukata. Mwanzoni alikuwa anaomba nimtungie uzi kwenye sindano. Baadaye akawa anasogea na kigoda mpaka nje kabisa, uani, juani. Hospitali walimwambia ni presha ya macho, kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki nacho kitapotea polepole. Aliporudi nyumbani hakulia. Alisema, "Basi harakisheni hiyo karatasi, nimalize kabla hakujawa giza." Kuanzia siku hiyo sikuwa natafuta pakiti. Nilikuwa nashindana na macho ya mama yangu.

Ikaja habari kwamba Butiama kuna mke wa mwalimu mmoja wa shule ya msingi ambaye ana mama wa mwavuli ukutani kwake, amemweka kwenye fremu ya kioo. Nilipanda lori la pamba, nikakaa juu ya magunia, nikafika nimejaa nyuzinyuzi za pamba mpaka kwenye nyusi. Mwenyeji wangu alikuwa mama mkarimu. Alinipa uji, akanikaribisha sebuleni, nikainua macho ukutani.

Alikuwa yeye. Gauni lile lile, kofia ile ile. Na njia. Na njia ikafika kwenye ukingo wa fremu, ikaisha.

"Mengine yako wapi?" niliuliza, hata asante ya uji sijasema.

"Mengine gani, mwanangu?"

"Njia! Inakoenda!"

Akaniangalia kwa huruma. Alisema yake iliishia pale pale, akaukata ukanda akamweka kwenye kioo. Na dada yake wa kijiji cha Buswahili anayo, nayo imeishia pale. Niliporudi Musoma nilikwenda moja kwa moja kwa mzee wa Kihindi, nikamsimulia, maana siku zote nilikuwa namwulizia pakiti tu bila kumweleza kwa nini, akajipiga kipaji cha uso.

"Zilikuwa pakiti mbili," alisema. "Ya kwanza ilikuja, ya pili tuliagiza. Vitu kutoka nje vikakatika. Haikuja."

Jamani. Kumbe mkoa mzima wanawake wamekaa na nusu ya mama wa mwavuli, kila mmoja akimshuku mume wake. Nilimpelekea mama habari hizo. Baba alikuwepo, anakarabati wavu wake wa jarife. Akavuta ugoro wake kwa heshima kubwa.

"Ilikuwa daftari la hesabu," alisema.

"Si ungesema," mama akamjibu.

"Nilisema!"

Mama hakumwomba radhi. Alimpikia sato mzima peke yake, na baba akamla hadi kichwa.

Nikaolewa, Bunda. Mama alikuja siku hiyo na shuka jeupe lisilo na kitu, la duka la ushirika, akalitandika haraka haraka, hata halikukaa sawa. Shangazi wa mume wangu waliingia, wakatazama ule upande unaoning'inia mlangoni, wakatazamana. Hakuna aliyesema neno, na kwetu kutosema ndiko kusema. Mama alikula matonge mawili, akaaga saa nane mchana. Mvua ilikuwa imeanza. Nilimsihi asubiri kidogo. "Usiku usije ukanikuta kwa mkwe," alisema, akajifunika khanga kichwani, akaenda kituo cha basi kwa mguu. Tangu hapo alikuwa anakujaga hivyo hivyo, anafika saa nne, anaondoka saa nane, na kila mara ninaposindikiza, ule mkono wake begani kwangu unakuwa mzito zaidi kwa sababu njia haioni.

Halafu milango ikafunguliwa. Biashara huria, wakaiita. Bunda ikajaa. Mitumba ikamwagwa chini kwa marobota, redio, sabuni za harufu kumi, mashuka ya kiwandani yenye maua makubwa ambayo hakuna mkono wa mtu ulioyagusa. Nikasema sasa, sasa itapatikana. Nikaingia duka baada ya duka na kipande cha ile karatasi ya kwanza mkononi. Na huko sasa ndiko nilikotukanwa.

Wakati ule wa shida, muuza duka alikuwa anasema "hakuna" akiwa na aibu, kama mtu aliyeishiwa unga mgeni amefika. Hawa wapya walikuwa wanasema huku wanatafuna chingamu ya bazoka. "Hiyo ni ya kizamani, mama. Haitengenezwi tena." Mmoja aliniambia kiwanda chenyewe kimeshafungwa. Mwingine akanitandikia mezani shuka la mashine, lina swala, lina mnazi, lina jua linazama. "Chukua hili, mahangaiko ya nini?" Nilimwuliza kama mama yake alimzaa au alimchukua dukani. Nilifukuzwa, na sijutii.

Hebu fikiria. Miaka na miaka pakiti ilikuwa haijafika, tukaambiwa ngoja. Tukageuza shingo kidogo, tukaambiwa imepitwa na wakati. Ilifika lini? Siku gani ilikuwepo? Wanasema penye nia pana njia. Nia ninayo, nina nia ya kugawa, lakini njia imekatikia katikati ya kitambaa.

Nilichimba marobota ya mitumba mnadani mpaka wauzaji wakanizoea, wakawa wananiita Mama Pakiti. Nilipata vitambaa vya meza vyenye mbwa, vyenye kinu cha upepo, vyenye nyumba zimeangukiwa na theluji. Mama wa mwavuli, hakuna.

Nilimkuta msibani.

Shangazi mkubwa wa mume wangu alifariki Nyamuswa. Tulikwenda asubuhi, mimi kama mke wa mtoto wao, nimejifunga khanga mbili, nikaingizwa chumbani alimolazwa marehemu, walimokaa wanawake. Nikakaa chini, miguu nimenyoosha kama wenzangu, pambio linaimbwa. Nikainua macho kufuta machozi, machozi ya kweli kabisa, maana yule mama alikuwa mwema kwangu. Na mbele yangu, upande unaoning'inia wa kitanda cha marehemu, palikuwa na mwavuli.

Sikuimba tena. Niliangalia gauni. Niliangalia maua. Niliifuata njia, ikafika katikati, pale inapoishiaga, na haikuishia. Iliendelea! Ikapinda kidogo, ikaingia nyuma ya mgongo wa bibi kizee mmoja aliyeegemea kitanda upande wa miguuni. Mgongo mpana, wa koti jeusi. Nilingoja asogee. Pambio likaisha, likaanza lingine. Wakaja watu wa kwaya, wakaondoka. Akaletewa chai, akanywea pale pale. Nikamwambia kwa adabu, "Bibi, njoo ukae hapa kwenye mkeka mzuri." Akasema amesharidhika. Nje nasikia seremala anapiga misumari ya jeneza, na jirani yangu akaninong'oneza kwamba marehemu ameagiza aende na shuka lake.

Sasa mjue kwamba mkwe hagusi kitanda cha ukweni. Kukikalia ni mwiko, kukitandua ni balaa, na kukigusa cha maiti ni kosa ambalo hata halina jina. Mimi nilijua hayo yote. Lakini bibi yule aliinama kidogo kupenga kamasi, na mkono wangu ukaenda wenyewe, ukashika pindo la shuka, ukavuta.

Pambio lilikatika.

"Wewe!" mtu alipiga kelele. "Unachukua nini kwa marehemu?"

Hee! Wanawake wakasimama. Mtu anayevuta nguo ya maiti huko kwetu haulizwi kama anapenda darizi. Nilisikia mtu anaita wanaume. Nikaanza kulia kwa sauti, nikasema yote ovyo ovyo, mama yangu, macho, pakiti, Musoma, choo cha mtu wa magendo, nilikuwa nataka kuona njia inakwenda wapi, basi, naomba mnisamehe, inakwenda wapi.

Na yule bibi mwenye koti jeusi, ambaye ni mdogo wake marehemu, akajikongoja, akasogea pembeni.

"Si ungeniambia nisogee kwa sababu," alisema. "Angalia."

Njia ilifika kwenye nyumba. Si nyumba ya Ulaya. Nyumba ya bati, yenye kibanda cha jiko ubavuni, na mlangoni ng'ombe mweusi mwenye pembe moja iliyovunjika.

"Huyo ng'ombe tulikuwa naye," bibi alisema. "Dada aliisubiri hiyo karatasi yenu, akachoka. Akasema, huyu mama atanyeshewa bure, mwavuli wenyewe mdogo. Akamleta hapa nyumbani."

"Bila karatasi?"

"Karatasi ya nini? Kwake si anapajua?"

Wanawake wawili wakacheka, wakakumbuka walipo, wakarudi kulia. Mimi nililia zaidi yao wote, na waliniona mkwe mwenye upendo, kumbe nilikuwa nina hasira. Hasira za lori la pamba, za foleni, za bazoka. Walimzika alasiri, na shuka lake.

Kesho yake nilikwenda rasini. Mama alikuwa ameketi uani juani, kwa mazoea tu, jua likiwa halimsaidii tena. Nilimsimulia yote, ng'ombe na pembe yake. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akanikunjia uso.

"Muda wote huo unatafuta Wazungu walitaka aende wapi," alisema. "Mimi hukuniuliza nataka aende wapi."

"Na wewe hukusema!"

"Nilijua karatasi itasema."

Tukageuziana mgongo, tumekasirika. Kuku akapita. Mwishowe nikamwuliza, kwa ukali, maana sina sauti nyingine: "Haya, unataka aende wapi?"

"Bunda," alisema. "Kwako. Afike, aingie, alale. Yeye hana mkwe."

Niliingia ndani nikautoa ule ukanda kutoka kwenye sanduku, mweupe umeshakuwa wa manjano, nikatunga uzi wa bluu wa nyavu kwa kuwa ndio uliokuwepo, nikakaa miguuni pake. Nilipajua kwangu. Nikaanza na kizingiti, kisha mlango, kisha dirisha la chumba ambacho hajawahi kulala. Nilishona mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia, nikamwekea kitambaa mapajani.

Hakugusa mbele. Alikigeuza, akapitisha vidole nyuma, taratibu, kwenye kizingiti, kwenye mlango, akarudi mlangoni tena, akakaa hapo na vidole vyake muda mrefu.

"Ndiyo mlango huu?"

"Ndiyo, mama."

"Una mafundo," alisema. "Fumua."